MREJESHO: Swichi zilizokuwa zinabadilisha anwani ya IP kila umeme ukikatika

Wakuu, habari za siku. Mimi ndiye niliyeuliza kuhusu swichi tatu za mtandao (vifaa vinavyounganisha kompyuta kwa kebo) za ofisini kwetu hapa Shangani, Mtwara. Kila umeme ukirudi zilipata anwani mpya ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao), nami nikashindwa kufungua kurasa zake za mipangilio kwenye kompyuta. Asanteni sana, nyote mlionijibu.

Ndugu aliyenieleza kwamba anwani haiwekwi kwenye tundu la kebo bali kwenye VLAN ya usimamizi (VLAN ni sehemu ya mtandao iliyotengwa ndani ya swichi), Mungu akubariki. Kosa langu lilikuwa hapo. Swichi mbili nimezipa anwani za kudumu, 192.168.10.2 na 192.168.10.3, nje ya zile ambazo ruta (kifaa kinachounganisha mitandao) inavigawia vifaa yenyewe kwa DHCP (yetu inaanza kugawa kwenye namba ya mwisho 100). Mara ya kwanza sikuhifadhi mipangilio, umeme ukakatika usiku, kazi yote ikapotea. Nikarudia, nikahifadhi. Zimetulia.

Jambo jingine: kutoka mtandao wa wahasibu hazikufunguka mpaka nilipoziwekea getiwei, yaani anwani ya kupitia kwenda mitandao mingine, 192.168.10.1. Kompyuta za watu zilipita kwenye swichi hizo bila shida muda wote, maana anwani hii ni ya kuisimamia swichi tu.

Ya tatu bado. Nenosiri lake halijulikani, na sikuthubutu kuirudisha kwenye hali ya kiwandani kwa sababu imebeba VLAN ya kamera. Nimeitengea anwani kwenye ruta kwa kutumia MAC yake (namba ya kifaa inayotoka nayo kiwandani). Inashika, ila ikiwaka kabla ya ruta hainiletei ukurasa wake mpaka niizime swichi hiyo na kuiwasha tena.