Kocha msaidizi wa basketi chuo kikuu: kazi yenyewe ni ipi, na njia ya kufika kocha mkuu ikoje?

mbale_kikapu
Wakubwa, habari za jioni. Chuo kikuu kimoja hapa Uganda kinatafuta kocha msaidizi wa basketi, timu ya wanaume na ya wanawake pamoja. Leseni yangu ni ya WABC (chama cha makocha wa basketi duniani) ngazi ya 1, na diploma ya ualimu wa michezo ipo. Naomba kujua: msaidizi anafanya nini hasa hadi aaminiwe kupewa timu? Na kabla ya kusaini niulize nini?

lugogo_benchi
Karibu, kocha. Kwanza usahau ngazi za Marekani, ambako mtu wa video ana ofisi yake na wa kutafuta wachezaji ana yake. Hapa msaidizi ndiye hao wote. Na hata kule mambo hayakuanza na suti: kocha Pat Summitt alipewa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1974 akiwa na miaka 22, kwa dola 250 kwa mwezi, jezi anafua mwenyewe na gari la timu anaendesha mwenyewe. Alipostaafu 2012 alikuwa na ushindi 1,098.

Kinachomfanya msaidizi aaminiwe haraka ni faili. Kila mchezaji awe na bahasha yake: nakala ya kitambulisho cha taifa au pasipoti, kitambulisho cha chuo, picha, na uthibitisho wa usajili wa muhula huu. Hapo mwisho ndipo timu huumia. Kitambulisho cha chuo kinaonekana kizima, kumbe mwenyewe hajasajiliwa kwa sababu ada haijakamilika. Mnashinda uwanjani, mnapoteza mezani. Pitia orodha wiki ya tatu baada ya chuo kufunguliwa, kisha tena wiki moja kabla ya mashindano. Kwa michezo ya FISU (shirikisho la michezo ya vyuo vikuu duniani) angalia umri pia, 18 hadi 25.

Siku ya mechi, dakika 10 kabla ya kuanza, kocha anathibitisha majina na namba kwenye karatasi ya matokeo, anaonyesha watano wa kuanza, anasaini. Hizo namba zihakikishe wewe kwa kutazama jezi zilizovaliwa. Karatasi ya juzi haitoshi, vijana hubadilishana jezi garini.

sekunde14
Naongeza la benchi. Wengi wanajifunza kwa video za NCAA (michezo ya vyuo vya Marekani) halafu wanashangaa mbona seti, yaani mashambulizi ya kupangwa, hazifanyi kazi. NCAA wanaume wanacheza vipindi viwili vya dakika 20 na saa ya shambulizi ya sekunde 30. Sisi ni FIBA (shirikisho la basketi duniani): robo nne za dakika 10, sekunde 24, na 14 tu baada ya ribaundi ya kushambulia. Seti yenye pasi saba kabla ya kutupa itakufia mkononi.

Msaidizi ndiye mtunza taimauti. Mbili nusu ya kwanza ya mechi, tatu ya pili, na zisizotumika hazivuki. Robo ya nne ikifika dakika 2:00 hujagusa hata moja ya zile tatu, moja imekwenda na maji, zinabaki mbili.

Na hili lifanyie mazoezi kabisa. Mko nyuma pointi 2, zimebaki sekunde 45, mpinzani amefunga sasa hivi, mnaita taimauti. Mwamuzi anauliza: mnaanzia nyuma (nusu yenu) au mbele (nusu ya mpinzani)? Nyuma mnapata 24. Mbele ni 14, ila mmeepuka presha ya uwanja mzima. Ukizitumia zote 24, zinabaki 21, na kama mmekosa, mpinzani anaweza kushika mpira hadi mwisho. Lazima mumfanyie faulo. Ukichagua 14 zinabaki 31. Mpinzani akimaliza 24 zake, mna kama 7 za shambulizi la pili. Kocha mkuu akiwa anachora ubao, hesabu hii iwe tayari kichwani mwako, umnong'oneze kabla mwamuzi hajafika.

Mkumbuke pia: kocha na msaidizi wa kwanza hawaruhusiwi kusimama wote wawili kwa wakati mmoja. Ni onyo la bure kabisa lile.

hesabu_za_basari
Kuhusu mkataba, swali kubwa kuliko posho ni hili: basari za michezo anaamua nani? Kama ofisi inagawa bila kocha kusikilizwa, utapewa wachezaji warefu wanne na hakuna gadi, yule wa kupandisha mpira. Ukishajua hilo, uliza kama posho inaendelea wakati wa likizo, maana timu za vyuo vikuu kama UCU, KIU au Ndejje ziko pia kwenye ligi ya taifa na ligi haifungi na chuo. Nauli na maji ya mechi za nje, iandikwe.

Digrii nyingi ni miaka mitatu. Gadi wako akiingia mwaka wa tatu, mrithi wake awe tayari yuko mazoezini. Mtafute angali S5 (kidato cha tano), kwa sababu akiwa S6 anaelekea mtihani wa UACE wa kumaliza sekondari na vyuo vingine vimeshamuona.

mbale_kikapu
Asanteni sana. Kiwanja ni kimoja, cha saruji. Mipira 6, wachezaji 28, saa 11 hadi 12 na nusu jioni. Inawezekana?

lugogo_benchi
Inawezekana, ssebo, ila hakikisha mipira 3 ni saizi 7 ya wanaume na 3 ni saizi 6 ya wanawake. Ukiwapa dada zetu saizi 7, mtupo wao unaharibika.

Dakika 10 kufagia na kupasha mwili. 25 za kumalizia na kutupa, kila timu nusu yake, mistari mitatu, mpira mmoja kila mstari. Ukiweka mstari mmoja wa watu 14 wanapoa. Kisha 20 wanaume uwanja mzima huku wanawake pembeni wakifanya miguu ya ulinzi, halafu 20 mbadilishane. 15 za mwisho ni mitupo huru, miwili miwili wakiwa wamechoka, anayekosa anakimbia kwenda na kurudi.

Fagia zaidi chini ya ring'i, ndipo watu wanatua na kifundo kinageukia kwenye mchanga. Mvua ikikatika usidanganywe na saruji iliyokauka: mistari ya rangi hubaki telezi. Pitisha tambara hapo kwanza.