Kwa rafiki hapana, kwa ndugu ruksa: mtoto anapolala nje tunamlinda na nini hasa?

Ndugu zangu, hili limenikosesha raha wiki nzima, na naomba tulijadili bila kuoneana aibu.

Binti yangu yuko darasa la tano. Mwenzake wa darasani, kwao Katubuka, hapa hapa Kigoma mjini, alikuwa anatimiza miaka 11, na mama yake akaomba wasichana wanne walale kwao Ijumaa, warudi makwao Jumamosi mchana. Watoto wenyewe wanaita slipova. Mume wangu akasema hapana, nami nikaunga mkono hapo hapo. Sababu zetu mnazijua: nyumba ile hatuifahamu vizuri, kuna kaka wakubwa, dunia imeharibika. Mtoto akalia, akanyamaza.

Jumatano iliyofuata tukapata mgeni kwa treni kutoka Tabora, ndugu wa upande wangu, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mara ya mwisho kumwona alikuwa anasoma shule ya msingi. Nyumba yetu hapa Mwanga ina vyumba viwili na sebule. Nikafanya alichokuwa akifanya mama yangu: nikatoa shuka safi, nikaenda kutandika kitanda cha chini cha dabodeka, chumba cha watoto. Binti alikuwa amekaa kitanda cha juu, miguu inaning'inia, ananitazama ninavyochomeka chandarua chini ya godoro la mgeni. Akaniuliza, tena kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mama, kwani huyu unamjua vizuri?"

Nilimjibu, "Huyu ni mjomba wako," na nilipokuwa nalitamka nikajua kwamba sijamjibu alichouliza. Nikachomoa chandarua, nikabeba na shuka, nikamtandikia mgeni sebuleni. Mume wangu alishangaa. Mgeni mwenyewe alishukuru, akalala. Sisemi ni mtu mbaya, na msije mkamsema vibaya, hajafanya lolote. Ninayemsema hapa ni mimi. Wiki moja kabla nilimnyima mwanangu kulala na wasichana wenzake kwa sababu siwajui watu wa nyumba ile, halafu nikataka kumlaza chumba kimoja na mwanaume mzima ambaye nilimjua akiwa na miaka kumi.

Ndiyo maana nauliza. Tunapokataza watoto kulala nje, tunawalinda na hatari, au tunawalinda na watu wasio wa ukoo wetu? Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009, ulioshirikisha UNICEF, CDC (kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani) na Chuo Kikuu cha Muhimbili, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Wasomeni hao wavulana mara mbili, maana kwetu mtoto wa kiume akilala popote hakuna anayeuliza. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi asipokuwepo kwa muda ahakikishe mtoto anaangaliwa na mtu anayefaa. Anayefaa. Undugu peke yake haumfanyi mtu afae.

Msimamo wangu ni huu: mtoto anaweza kulala nje, kwa rafiki au kwa ndugu, lakini maswali yawe yale yale kwa wote. Atalala chumba gani? Na nani? Usiku nani mtu mzima atakuwepo, na huyo mtu mzima atakuwepo kweli au atakuwa msibani? Kuna chandarua? Wengine mtaona hili la chandarua ni dogo, lakini mikoa yetu hii miwili, Kigoma na Tabora, ni kati ya inayosumbuliwa zaidi na malaria nchini, na watoto wanne wakitandikiwa mkeka sebuleni huwa hawatundikiwi kitu. Asiyeweza kunijibu maswali hayo, hata awe shangazi yangu wa damu, mtoto atalala kwetu.

Karibuni. Nipingeni kwa hoja.

Baba wa watoto watatu, Kibirizi

Dada, umesema vizuri, ila umeongea kama mtu mwenye nafasi ya kuchagua. Mimi ni mvuvi wa dagaa. Kipindi cha giza tunatoka jioni na taa, tunarudi alfajiri. Mke wangu anatakiwa awe mwaloni kabla hakujapambazuka, akichelewa mzigo mzuri umechukuliwa na wengine. Tangu saa kumi usiku watoto wangapi wa Kibirizi wako peke yao ndani? Wetu wanalala kwa jirani, na sisi mbalamwezi ikiwaka tukipumzika, watoto wake wanalala kwetu. Hatujafanya hivyo kwa starehe wala kwa bethidei. Ukiniambia nimuulize jirani nani analala wapi, nitamuuliza, lakini akikasirika akaniambia basi walaze watoto wako mwenyewe, nitafanyaje?

Mwalimu, Tabora mjini

Shikamooni wakubwa. Naunga mkono watoto kuruhusiwa, kwa yale ninayoyaona shuleni. Mtoto anapelekwa bweni kidato cha kwanza hajawahi kulala nje ya kwao hata usiku mmoja. Hajui kuoga na wenzake wakingoja, hajui kula chakula asichokipenda akashukuru, akiugua usiku anaona aibu kumwamsha mtu. Wiki mbili za kwanza ni kilio. Usiku mmoja mmoja kwa rafiki, akiwa na miaka kumi au kumi na moja, ungemfundisha.

Lakini umri uangaliwe. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba wadogo hao wanahitaji malezi ya wazazi wao. Mimi hapo ndipo ninapochora mstari hata wa kulala kwa rafiki. Na kila mtoto aijue namba 116, ni ya bure, ya kuomba msaada kwa ajili ya watoto.

Mama, Mwandiga

Mimi nasema hapana. Kwa rafiki hapana, kwa ndugu hapana, na wala siombi mtu anielewe.

Nikiwa na miaka tisa nililala kwa jirani, mama alikuwa amempeleka mdogo wangu hospitali. Mama aliuliza yote hayo unayoyataja, dada yangu. Alijua chumba, alijua nalala na nani, familia ile alikuwa ameishi nayo ukuta kwa ukuta tangu sijazaliwa. Kilichotokea kilitokea. Asubuhi nilipewa chai na mihogo, nikanywa, nikaenda shule. Mama amefariki bila kujua. Kwa hiyo mkiniambia maswali yanatosha, mimi nawaambia kuna mtu aliyauliza.

Bibi wa wajukuu wengi, Ujiji

Pole mwanangu wa Mwandiga. Pole sana. Nimesomewa maneno yako na mjukuu nikamwambia arudie.

Naona watu wanasema zamani watoto walilala popote. Hapana wanangu. Ramadhani watoto wa nyumba nne walilala kwa bibi yangu ili waamshwe daku pamoja, ni kweli. Lakini wasichana tulilala chumbani kwa bibi mwenyewe, mkeka mmoja, na yeye akitandika wa kwake mlangoni. Ukitaka kutoka kwenda uani lazima umruke, naye anaamka, anakusindikiza na taa. Mwanaume hapiti pale, awe mtoto wake, awe nani. Wavulana walikuwa na chumba chao na babu. Siku hizi mmebakiza mkeka, yule wa mlangoni mmemwondoa. Wazazi wako chumbani kwao, mlango umefungwa, televisheni inaongea.

Aliyeanzisha mjadala, Mwanga

Nimesoma yote, na nimechelewa kujibu kwa sababu ya dada wa Mwandiga. Dada, sitakujibu kwa hoja. Uko sahihi kwamba niliandika kana kwamba mzazi akiuliza basi kazi imeisha. Jana usiku nilikaa na binti yangu nikamwambia ambalo mimi sikuwahi kuambiwa: popote ulipo, saa yoyote, mtu akikugusa au ukiogopa tu bila kujua unaogopa nini, omba simu, sema "Mama, tumbo linauma," nami nitakuja bila kukuuliza kitu mbele za watu. Tena ukiniambia baada ya mwaka nitakuamini vile vile. Tukafanya zoezi, yeye anapiga, mimi napokea. Sijui kama lingekusaidia wewe wakati ule. Nimelifanya kwa ajili yako pia.

Kaka wa Kibirizi, kweli, sikukufikiria. Nyie mnaopeana zamu ya watoto mnaweza kukubaliana mapema, kabla giza halijaanza, wakati hakuna anayemdai mwenzake: wa kike chumba hiki, wa kiume kile, mgeni wa kiume akija mtaarifiane. Likisemwa kama utaratibu wa nyumba zote mbili, jirani hataona anashukiwa. Asipotaka hata hivyo, nafikiri mkeo kukosa mzigo siku moja wakati mnatafuta jirani mwingine ni hasara ndogo. Najua ni rahisi kwangu kusema.

Bibi, shikamoo. Yule wa mlangoni nimemchukua.

Jumamosi nilipanda bodaboda hadi Katubuka kwa yule mama wa bethidei. Niliona aibu njia nzima. Alinipokea vizuri, tukakaa uani anachambua mchicha, nikamwambia ukweli kwamba nilimkatalia mtoto bila hata kumfahamu yeye. Nikamuuliza maswali yangu. Akanawa mikono, akanionyesha: wasichana walilala chumba chake, yeye akiwa nao, baba wa nyumba akahamia sebuleni. Kaka wakubwa wana chumba cha nje chenye mlango wake. Vyandarua viwili, kimoja kimeshonwa pembeni kwa uzi mwekundu.

Halafu akakaa tena na mchicha wake, akaniuliza, "Na kwako je, mama? Wangu akija kulala kwako, nani analala wapi?"

Nilihisi damu inapanda usoni, nusura niudhike. Nikamweleza vyumba viwili, sebule, dabodeka, na mgeni wa Tabora. Hapo kwenye mgeni akaacha kuchambua. Akasema mgeni akishaondoka nimwambie, mtoto atakuja. Anaondoka na treni wiki hii. Mume wangu bado anasema wa kwetu halali Katubuka, na hilo hatujalimaliza.