Naomba ushauri: Mama wa jirani na malipo ya SHA

Habarini wadau. Niko na kaduka ka M-Pesa hapa Mukuru, Nairobi, na tangu SHIF, ile bima mpya ya afya ya serikali inayosimamiwa na SHA, ichukue nafasi ya ile ya zamani ya NHIF Oktoba 2024, watu wanakujanga tu kwangu niwasaidie kujisajili na *147#, mimi si wa serikali lakini siwezi kufukuza mtu.

Sasa kuna mama mmoja hufua nguo za watu mtaani South B, amekuja na kitambulisho kimefungwa kwa karatasi ya unga na simu ya kabambe. Usajili ulikwama juu laini yake imesajiliwa kwa jina la mtoto wake mkubwa aliyeko Mombasa. Tukarekebisha hiyo, halafu yakaja yale maswali ya kupima mtu anaweza kulipa pesa ngapi: nyumba, paa, choo, unapikia nini. Akajibu haraka haraka, nadhani mengine hakuelewa vizuri, na pesa ikatoka juu kuliko ile 300 ya chini kwa mwezi, tena inatakiwa ya mwaka mzima mara moja. Huyu mtu analipwa kwa siku, siku zingine hapati kazi! Na ana sukari, wiki jana alirudishwa nyumbani kutoka hospitali moja bila dawa. Iliniuma sana.

Swali langu, kuna mtu ameomba yale majibu yaangaliwe upya akafaulu? Ulienda Huduma Center ama kwa chifu, na ulibeba nini? Na wale wamelipa kwa Lipa SHA Pole Pole, ule mpango wa kulipa kidogo kidogo, inafanya kazi kweli kwa mtu wa kibarua? Nisaidieni, ameniambia atarudi Jumatatu.