Je, niiache ganuni mpaka nimalize mitihani ya uhasibu?

Mhasibu wa Michenzani

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni mhasibu katika hoteli moja hapa mjini Unguja, na huu ni mwaka wa tatu najifunza kupiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, katika kikundi cha taarab asilia. Kazini huingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, isipokuwa mwisho wa mwezi, tunapofunga hesabu, ambapo natoka saa tatu usiku. Na kuanzia Julai hadi Septemba, wageni wanapojaa, kila siku huwa kama mwisho wa mwezi. Mazoezi ya kikundi huanza baada ya sala ya Isha. Hadi mwaka jana nilimudu yote mawili. Sasa natakiwa kufanya mitihani ya CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, ambayo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu huiendesha mwezi wa Mei na wa Novemba, na mwajiri amenieleza waziwazi kwamba bila cheti hicho sitapanda cheo.

Mama yangu anasema ganuni haikimbii, nimalize kusoma kwanza. Mwalimu wangu wa ganuni hasemi kitu; ila wiki iliyopita, baada ya kukosa mazoezi mara tatu mfululizo, nilifika nikakuta kijana wa skuli amekaa kwenye kiti changu. Je, niiweke ganuni kando kwa miaka miwili au mitatu, au ipo namna ya kuvishika vyote viwili? Ningependa kusikia hasa kwa waliokwisha kupita njia hii.

Fidla ya Zamani

Waaleikum salaam, mwanangu. Nilikuwa karani bandarini mpaka nilipostaafu, na fidla niliipiga muda wote huo. Usidhani jambo lako ni geni. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab cha hapa Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905, kilianza kama klabu ya marafiki waliopenda muziki, wala si kama ajira. Nasi tuliokuja baadaye katika vikundi vingine tulifuata mwendo huohuo, mchana kila mtu na kazi yake, usiku tunakutana. Unafikiri kwa nini mazoezi yanasubiri Isha?

Kwa heshima zote kwa mama yako, mimi sikubali kwamba ganuni haikimbii. Niliwahi kuhamishiwa Pemba kwa mwaka mmoja na nusu, na fidla nikaiacha nyumbani Unguja. Niliporudi, masikio yalikuwa yanakumbuka kila kitu, lakini mkono wa upinde uligoma, na ilinichukua karibu miezi minane kabla sijaacha kuwaharibia wenzangu. Nenda kwa mwalimu wako kabla hajakuita, umtajie miezi utakayokuwa haba. Kikundi humvumilia mtu aliyeaga.

Mkaguzi, Dar es Salaam

Nitakuwa mkali kidogo, dada yangu, kwa sababu mitihani hii naijua na nilianguka mara moja kwa kujidanganya kwamba saa moja kila usiku inatosha. Haitoshi. Hata hivyo, nadhani swali lako limekaa vibaya: shida yako ni kalenda zaidi kuliko ganuni. Ukilenga Novemba, miezi ya kujisomea ni hiyohiyo ya wageni, na hutapata usingizi, sembuse muziki. Ukilenga Mei, mambo yanageuka, maana masika yanapoingia mwezi wa Machi hoteli za Unguja hupoa, na kwa miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, wakati ambapo vikundi vya taarab husimamisha mazoezi vyenyewe. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya miezi ya kusoma haikuibii mazoezi hata moja. Mwezi na nusu wa mwisho, hapo ndipo uombe ruhusa kabisa. Kupiga kwenye maharusi ya usiku ukukatae mwaka mzima. Huko ndiko kunakokula asubuhi ya pili.

Nesi wa Mnazi Mmoja

Mimi ni muuguzi na napiga ganuni, kwa hiyo naomba niongeze jambo ambalo kaka wa Dar hawezi kulijua. Kinachomaliza muda katika ala hii ni kuitia sauti. Yangu ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na kwa unyevunyevu wetu huu nusu saa hupita nazungusha ufunguo kabla sijavaa pete za kupigia. Niliporudi kutoka zamu nilikuwa naitazama tu ilivyofunikwa, nakata tamaa.

Nikabadilisha utaratibu. Ijumaa jioni naitia sauti yote. Siku nyingine narekebisha oktava moja ya katikati, ambayo ni nyuzi 24 tu, kisha napiga kipande kimoja cha bashrafu, ule muziki wa ala tupu usio na uimbaji, kwa dakika ishirini baada ya Alfajiri, taratibu, mara nyingi mkono wa kushoto peke yake, kwa sababu ndio unaosahau upesi. Ifunike kwa kitambaa kizito na uiweke mbali na dirisha. Kwa dakika hizo hutaendelea mbele sana, nisikufiche; ila vidole havitarudi nyuma.

Mhasibu wa Michenzani

Nawashukuru nyote. Nimeamua kulenga Mei. Jana nilimwendea mwalimu nikamtajia miezi, akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba kijana yule alikaa pale kwa sababu bashrafu haiwezi kuanza bila ganuni, na kwamba Jumatano kiti ni changu nikifika kwa wakati. Mama bado sijamwambia. Leo ni Jumatano, na hesabu za mwezi zimebaki kurasa mbili.