Nani ana haki ya kuchora vita: aliyekuwepo au aliyesimuliwa?

Mkaa_wa_Ubao: Wadau, mchoraji Picasso hakuwepo Guernica, Hispania, siku ndege za Wajerumani na Waitaliano zilipoupiga mji ule, Aprili 1937. Alikuwa Paris, habari akazipata magazetini, na ndani ya wiki chache turubai la karibu mita 8, akaliita Guernica, limekwisha. Vereshchagin, mchoraji Mrusi, vita alivifuata mwenyewe mpaka vikamuua: 1904 alizama na manowari pale Port Arthur, China, Warusi wakipigana na Wajapani. Mimi namwamini huyu. Guernica hata mwanangu wa chekechea anaweza. Na kwetu ndiyo kabisa, wachoraji wamebaki na twiga wa watalii.

Sijambo77: Mlete huyo mwanao. Mpe nyeusi, nyeupe na kijivu tu kama Picasso, tuone kama farasi wake atalia kama yule wa Guernica.

Mkaa_wa_Ubao: Utani ule. Jibu hoja.

BintiMsomi: Hoja gani? Goya, Mhispania, alichora wale raia wa Madrid wanaopigwa risasi na askari wa Napoleon, tukio la 1808, ilipofika 1814. Yule wa shati jeupe aliyeinua mikono dunia nzima inamjua. Wauaji tunawaona migongo tu, sura hawana. Nani aliwahi kumdai Goya ushahidi wa macho?

Fundi_Rangi: Turudi nyuma kidogo. "Twiga wa watalii" ndiyo nini? Twiga hao wanasomesha wanangu. Mzee Tingatinga, mwanzilishi wa uchoraji wetu huu, alianza na ubao na rangi za baiskeli, 1968 kama sikosei, na 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mhalifu. Leo unamcheka kwa sababu hakuchora mizinga?

Mkaa_wa_Ubao: Sijamtaja marehemu. Nimesema mnachora kinachonunuliwa.

Fundi_Rangi: Na Picasso alichora bure? Kazi ile aliagizwa na serikali ya Hispania kwa ajili ya maonyesho ya Paris, na pesa alipokea.

Lushois: Ba ndugu, muko munasahau Lubumbashi. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya Congo nzima miaka ya 70, juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Lumumba, vita ya Katanga, yote. Na picha za namna ile batu balikuwa banazitundika sebuleni kwao. Watalii gani?

Sijambo77: Wahabeshi nao wana picha zao za Adwa, walipowashinda Waitaliano 1896. Mhabeshi anachorwa uso mzima, macho mawili. Mwitaliano upande tu, jicho moja. Juu kabisa Mtakatifu George na farasi wake. Nyingi zimechorwa miongo mingi baadaye.

Mkaa_wa_Ubao: Kwa hiyo jeshi zima la Italia lilikuwa chongo? Huo ndio ushahidi?

BintiMsomi: Akipenda, chongo huita kengeza. Akichukia, ndiyo hivyo.

Mkaa_wa_Ubao: Asante, umenisaidia. Asiyekuwepo anachora chuki yake.

BintiMsomi: Na aliyekuwepo hana chuki?

Fundi_Rangi: Mimi bado nasubiri maelezo ya twiga.

Sijambo77: Fundi, tulia. 2003 pale Umoja wa Mataifa, New York, waliifunika pazia ile nakala ya Guernica ya kufumwa siku Powell, waziri wa nje wa Marekani, anakuja kueleza habari za Iraki. Wakasema ni mambo ya kamera. Picha ya mtu "asiyekuwepo" hiyo!

Mkaa_wa_Ubao: Twiga nani amfunike?

Fundi_Rangi: Njoo Morogoro Stores, pale Oysterbay, Dar, uniambie hivyo usoni. Na huyo wa chekechea mlete, kiti kipo.