Kikundi cha avenyu, Himbi, Goma: taa ya freni ya gari ya kuran (umeme) ya Mama Furaha haizimike

Papa Neema: Bonswari Mama Furaha, minapita hapa kwenu sasa hivi, gari imefungwa lakini taa nyekundu za nyuma zinawaka zote tatu kama vile mutu amekanyaga freni. Unajua?

Mama Furaha: Bonswari Papa Neema, aksanti kunijulisha. Hakuna mutu ndani, funguo niko nayo mu sakoshi 😟

Da Aline: Yesu! Ile gari ya kuran? Mama usiiguse, batri yake inaua mutu

Mama Furaha: Njo maana naogopa. Jana taa zilianza kuwaka na kuzimika zenyewe, nikapigia fundi moja, hata kuiona hajaiona anasema kompyuta imekufa tununue ingine. Bei yenye alitaja sikulala

Kaka Innocent: Mama habari ya jioni. Tafazali usitume hata franka kwanza. Taa ya freni haikule kuran ya batri kubwa, inakula ya batri ndogo ya volti 12, sawa tu na gari za esansi zote zenye ziko hapa kartie. Ile kubwa ya volti mia tatu na zaidi, kabulu (waya) zake ni za rangi ya machungwa, ukiona rangi ile popote usiweke mukono. Pale tunaenda kuangalia ni juu ya pedali

Papa Neema: Innocent, lakini mi nilisikia gari za kuran zinawasha taa ya freni hata mutu hajakanyaga

Kaka Innocent: Ni kweli papa, lakini ikiwa inatembea. Ukitoa muguu kwa akselereta, mota inageuka jenereta, inarudisha kuran mu batri na gari inapunguza mwendo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H inasema ikipunguza kupita mita 1,3 kwa sekunde ya mraba lazima taa iwake, juu ule wa nyuma ajue. Ya mama imesimama, imefungwa, hiyo haiko jenereta

Kaka Innocent: Mama, leo uliweza kutia D, ile ya kwenda mbele, bila kukanyaga freni?

Mama Furaha: Eeeh!! Asubuhi, nilishangaa sana, kawaida inakatala

Kaka Innocent: Basi gari inaamini freni imekanyagwa saa zote. Watoto wasiingie ndani peke yao mpaka tumalize, tafazali. Sikia vile inatumika: kwa mukono wa pedali juu kabisa kuna kontakteri kadogo, ni swichi ya taa ya freni, kenye kijiti cha risoru (springi). Kama haukanyage, pedali inasukuma kile kijiti ndani, taa zinazimika. Ukikanyaga pedali inaenda mbali, kijiti kinatoka, taa zinawaka. Sasa pale kijiti kinagusa, chuma ya pedali iko na tundu, wameziba na kapande ka plastiki kama kifungo cha shati, na ile plastiki miaka ikipita inakauka inapasuka inaanguka, kijiti kinapita mu tundu na taa haizimike tena

Kaka Innocent: Washa tochi ya simu uangalie kwa tapi (zulia) chini ya pedali

Mama Furaha: [picha] Ni hii? Vipande vinne vyeupe, nikivishika vinavunjika kama unga

Kaka Innocent: Njo yenyewe!! Sasa ingiza kidole, sukuma kijiti polepole. Papa Neema uko bado nyuma?

Papa Neema: Niko. Zinawaka… zimezimika! Zote tatu. Zimewaka tena

Mama Furaha: Nimeachilia. Mungu wangu, kumbe ni hii tu

Da Aline: Na kama zingekatala kuzimika?

Kaka Innocent: Tungechomoa fishi ya ile kontakteri. Taa zikizimika, kontakteri ndiyo imekufa. Zikibaki, tutafute waya zenye zimegusana, na kompyuta tungeiongelea mwisho kabisa, haiko mwanzo kwa telefone. Hii mambo inaniuma sana, mutu anauzishwa kompyuta juu ya plastiki

Mama Furaha: Tunaweza acha mpaka kesho? Niko na safari ya Sake

Kaka Innocent: Apana mama. Ampuli mbili za wati 21 zinakula karibu ampea 3,5, batri ndogo ya ampea-saa 45 itakuwa imeisha asubuhi. Za ledi zinachelewa tu. Na batri ndogo ikikufa gari haiamke hata kubwa ikijaa, sababu ile ndogo njo inawasha swichi za kubwa. Tena kwa barabara ya Sake na wamotari wale, taa yenye inawaka saa zote haiambie mutu kitu, utafunga freni na mwenye iko nyuma anafikiri ni kawaida yako

Papa Neema: Niko na bulo (bolti) za ufunguo wa 10 hapa nyumbani

Kaka Innocent: Leta papa, na rondela (washa) na ekru (nati). Ipite mu tundu la pedali, kichwa laini upande wa kijiti, ekru upande mwingine, ukaze. Iwe fupi. Kisha sukuma pedali na mukono mpaka chini uiachilie, irudi yote bila kugusa kitu, hiyo ya kurudi ndiyo ya maana kuliko taa

Papa Neema: Imeingia. Pedali inarudi muzuri. Mama kanyaga

Papa Neema: Zinawaka. Achilia. Zimezimika. Tena. Sawa 👍

Mama Furaha: Na D sasa inakatala bila freni kama zamani! Innocent ubarikiwe, Papa Neema pia, chai iko tayari muje

Kaka Innocent: Aksanti mama. Bulo ni ya kukusaidia siku hizi tu. Pima tundu kesho unitumie, nitafute kapande kenyewe, gari nyingi za esansi zinatumia ka aina ile. Ukirudi kutoka Sake, kabla ya kufunga geti uangalie tena nyuma

Da Aline: Mi naenda kuangalia chini ya pedali ya ile ya bwana yangu sasa hivi