Magoli (milingoti) ya soka la wanawake yapunguzwe ukubwa? Shahidi wangu ni Sari van Veenendaal

MLETA MADA

Wadau, kila michuano ya wanawake ikianza hoja hii inafufuka: lango ni kubwa mno kwao, lipunguzwe. Wala si maneno ya vijiweni tu, maana Emma Hayes alipokuwa kocha wa Chelsea ya wanawake naye aliwahi kusema jambo hili lifikiriwe. Lango ni lilelile la wanaume, upana mita 7.32, mtambaa panya uko mita 2.44 juu, na makipa wa kike kwa wastani ni wafupi. Ukiisikia hivyo unaweza kukubali haraka.

Mimi nakataa, na shahidi wangu ni kipa Mholanzi Sari van Veenendaal. Mwaka 2019 alikwenda Kombe la Dunia Ufaransa akiwa ndiyo kwanza anaagana na Arsenal, ambako alikuwa anagombea namba na kipa mwenzake Pauline Peyraud-Magnin. Akaifikisha Uholanzi fainali, Lyon, tarehe 7 Julai, dhidi ya Marekani. Wamarekani wale katika kila mechi walikuwa wameshapata bao ndani ya dakika 12 za mwanzo. Siku ile walikwenda mapumziko 0-0. Itafuteni mwangalie kipindi cha kwanza: Julie Ertz anapiga, kichwa cha Sam Mewis, Alex Morgan, na mama wa watu yupo tu, mara mkono, mara mguu.

Dakika ya 61 VAR (waamuzi wa video) ikatoa penalti, Megan Rapinoe akaiweka chini pembeni. Dakika ya 69 Rose Lavelle akakata katikati na mpira, shuti la kushoto, chini tena. 2-0. Sasa nionyesheni bao lililompita juu ya kichwa. Ukishusha mtambaa panya unazuia lipi hapo?

Akaondoka na Glavu ya Dhahabu, tuzo ya kipa bora wa mashindano, na Septemba kule Milan FIFA wakamtangaza kipa bora wa dunia. Na kumbukeni, huo ndio ulikuwa mwaka wa kwanza tuzo hiyo kutolewa kwa wanawake. Wanaume walikuwa nayo tangu 2017. Makipa wenyewe tulikuwa hatuwahesabu, tunakimbilia kupima milingoti.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, umechagua mechi inayokubeba. Twende Olimpiki ya Tokyo, 2021, kipa huyohuyo. Uholanzi 10 Zambia 3. Uholanzi 3 Brazil 3. Uholanzi 8 China 2. Mechi tatu za kundi, wamefunga 21 wamefungwa 8. Hiyo ni soka au mpira wa kikapu?

Halafu michezo mingine imesharekebisha na hakuna aliyelia. Wavu wa voliboli wanawake mita 2.24, wanaume 2.43. Mkuki wa wanawake gramu 600, wa wanaume 800. Mbona huko hamsemi wametukanwa?

MLETA MADA

Hiyo ya wavu umenibana, nakiri. Ila Zambia hawakula kumi kwa sababu ya lango. Ilikuwa Olimpiki yao ya kwanza, wamepangwa na walioingia fainali ya dunia miaka miwili nyuma. Na lango hilohilo Barbra Banda wa Zambia alimtungua mara tatu kipa bora wa dunia wa 2019. Ubora wa Banda nao ni kosa la milingoti?

MCHANGIAJI WA PILI

Naombeni niseme kama mtu aliyekaa golini. Nilidakia timu ya wasichana shuleni, Morogoro. Niliwekwa pale kwa kuwa sina mbio, basi. Mazoezi yetu: wenzangu wanapiga, mimi naokota. Glavu nilizipata kidato cha tatu, za kaka yangu, vidole vinaogelea ndani. Aliyenionyesha kwa mara ya kwanza kupiga hatua ya pembeni kabla ya kuruka alikuwa dereva wa bodaboda aliyekuwa anadakia timu ya mtaani. Wiki mbili tu, mipira niliyokuwa naisindikiza kwa macho nikaanza kuigusa. Mlingoti ulikuwa palepale.

Ndiyo maana kwangu hadithi ya Sari inanoga pale anapotoka. Euro 2022 (kombe la Ulaya), Sheffield, mechi ya kwanza na Sweden, kaumia bega, dakika ya 22 anaingia Daphne van Domselaar, miaka 22. Sari akastaafu mwaka huohuo. Mwaka uliofuata, Kombe la Dunia, Sydney, Thembi Kgatlana wa Afrika Kusini alimwandama yule binti mechi nzima, hakupata kitu. Bao la pili la Uholanzi lilimponyoka kipa wa Afrika Kusini mikononi. Mpira wa kudaka kabisa! 2025 van Domselaar yuko Arsenal, bingwa wa Ulaya. Wote wawili wamepita FC Twente, klabu ya Uholanzi. Kwa hiyo mwulize Mholanzi anawapikaje.

Na kaka wa voliboli, wavu unafungwa kwa kamba, unaushusha unaupandisha. Goli letu pale shuleni limechimbiwa na zege, asubuhi wavulana, jioni sisi. Nani atakuja kuling'oa kila saa kumi?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Dada, ya zege sina jibu. Lakini wastani wa urefu hamjaugusa bado.